Trauti Alipewa Sheria, Ningu Alipewa Nini?

Mwaka jana niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili zoezi la tafsiri. Kifungu chenyewe kilikuwa kifupi, aya mbili tu za Kiingereza kutoka katika jarida la zamani la wapenda uvuvi. Mwandishi anasimulia asubuhi yake ya mwisho mtoni akimvua samaki aitwaye trauti, majani ya miti yakipukutika na baridi ikianza kuuma. Nilikichagua kwa makusudi, kwa sababu kina maneno matatu yanayomtega mfasiri wa Kiswahili. Kijana mmoja kutoka Nyatike, katika Kaunti ya Migori, mwanafunzi mwenye bidii asiyekosa kipindi, aliandika hivi: "Mzee alimrusha nzi mtoni wakati wa vuli, akampata samaki."

Darasa lilicheka. Mimi nami nilicheka, kisha nikaona haya, kwani kosa nililolipigia mstari mwekundu halikuwa la kijana yule peke yake.

Tuanze na huyo nzi. Trauti hula wadudu wanaochukuliwa na mkondo wa maji, na wale wanaotua juu ya maji kutaga mayai. Mvuvi wa namna hii basi hatumii mnyoo wala kipande cha nyama. Huchukua ndoana ndogo, akaizungushia uzi, manyoya ya ndege na nywele za mnyama mpaka ikafanana na mdudu fulani wa mto ule, wa majira yale. Ndoana hiyo ni nyepesi mno, haiwezi kurushwa kwa uzito wake. Uzito umo katika kamba, nayo hupeperushwa nyuma na mbele kwa ufito mrefu hadi itue bila kishindo mbele ya samaki, ambaye daima huelekeza kichwa juu mtoni, kule chakula kinakotoka. Kwa hiyo mtu anayevua vizuri lazima awe amekijua kwanza chakula cha samaki, akajua mdudu gani huibuka saa ngapi na katika mwezi gani. Kumwita mdudu huyo "nzi" bila kuongeza neno ni kumpeleka msomaji jikoni au chooni. Afadhali kusema "ndoana ya manyoya", ingawa ni maneno mawili mahali pa moja.

La pili ni vuli. Kamusi kadhaa na vitabu vingi vya shule vinamfundisha mtoto kwamba majira ya Ulaya ya kupukutika majani ni vuli. Lakini vuli ya Mswahili ni mvua, mvua za Oktoba hadi Desemba, fupi kuliko masika. Wakati Mzungu wa Scotland anaona miti ikivuliwa nguo, mkulima wa Pwani anapanda mbegu. Mtoto wa Homa Bay anayesoma neno hilo hana majani yanayopukutika wala mvua za Pwani; anayo majira yake, na kwa Kijaluo yana majina: oro, kiangazi kikavu; chwiri, mvua ndefu; na opon, mvua fupi. Tunamfundisha majira ya watu wawili wengine, kisha tunashangaa kwamba hajui yake.

Neno la tatu ni trauti mwenyewe, na hapo ndipo nilipomwita kijana yule ofisini. Nilimuuliza kama kwao kuna samaki yeyote anayepanda mto kwa majira yake, ili tumtumie kama mfano wa kueleza habari ya trauti. Alifikiri kidogo. "Mwalimu, kwetu kuna mbuta, omena na tilapia." Nikamwambia hao ni wa ziwani na wa mabwawa, je, ningu? Akatabasamu kama mtu aliyekumbushwa jina la jirani aliyehama zamani. "Ningu nimemsikia nyanya akimtaja. Mimi sijawahi kumwona."

Nyumba yao, nilikuja kujua baadaye, iko mwendo wa dakika chache kutoka ukingo wa Mto Kuja.

Msomaji atauliza, trauti anatuhusu nini sisi watu wa Nyanza ya Kusini? Anatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Samaki huyu si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, nao wakatiwa katika Mto Gura kwenye milima ya Nyandarua. Miaka michache baadaye waliletwa trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini. Kutoka hapo trauti akasambazwa katika mito ya Mlima Kenya na ya Mau, kokote ambako maji yalikuwa ya baridi na yenye hewa ya kutosha. Karibu na Nyeri, huko Kiganjo, serikali ilijenga kituo cha kumzalisha. Kukawa na leseni, kukawa na kipimo cha chini cha samaki anayeruhusiwa kuchukuliwa, kukawa na mito ambayo humo ilikuwa haramu kuvua kwa kitu chochote isipokuwa ndoana ya manyoya. Samaki mgeni, aliyeletwa kwa ajili ya starehe ya watu wachache siku za mapumziko, alipata sheria, askari na kitalu.

Sasa tazama Mto Sondu. Baadhi ya vijito vyake huanzia katika msitu wa Mau, upande wa Kericho, katika maji baridi ambamo trauti alipandikizwa enzi za ukoloni. Vijito hivyo huungana, vikateremka, maji yakapata joto na tope, mpaka mto unapokuwa mpaka kati ya Nyakach na Rachuonyo, yaani kati ya Kisumu na Homa Bay, kisha ukamwagika ziwani. Huko chini trauti hawezi kuishi hata siku mbili. Huko chini ni kwa ningu na fwani. Mto mmoja, maji yale yale. Juu kukiwa na samaki aliyeandikiwa kanuni, chini kukiwa na samaki ambaye mwenyeji wa miaka ishirini hajui sura yake.

Ningu wanasayansi humwita Labeo victorianus. Hupatikana katika Ziwa Victoria na mito inayoingia humo. Si samaki wa kumtia mtu kiburi kwenye picha: ana mdomo chini ya kichwa, midomo minene ya kukwangulia ukoga wa mawe na matope, na miiba midogo iliyogawanyika kama panda, ambayo imewafundisha watoto wengi wa Kijaluo kula kwa adabu. Sehemu kubwa ya maisha yake huwa ziwani. Lakini mvua ndefu zikianza na mito ikavimba, huingia mdomoni mwa mto kwa makundi, akapanda kinyume cha mkondo, akatoka hata nje ya kingo hadi kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko, na humo hutaga. Mayai huanguliwa upesi, maana maji ya mafuriko hayangoji. Vifaranga wakichelewa hubaki juu ya nyasi kavu.

Mimi nilizaliwa kando ya Kuja, na nayakumbuka mafuriko ya utotoni zaidi kwa harufu kuliko kwa sura: harufu ya nyasi iliyoloa, ya tope jipya lililoshuka kutoka vilima vya Kisii, na ya samaki. Tulikuwa tukienda na karai na vikapu vibovu, tukamsikia ningu kabla ya kumwona, maana hupigapiga mkia katika maji yasiyofika magoti. Babu alikuwa akitukemea tusichukue jike mwenye tumbo kubwa. Sidhani alikuwa amesoma kitabu chochote cha uhifadhi. Hata hivyo nisimpambe: siku nyingine alikuwa na njaa kama sisi, na jike mwenye tumbo kubwa aliliwa.

Babu huyo alituonyesha pia mahali ambapo ukoo wetu ulikuwa ukisimamisha kek. Kek ni uzio wa fito uliokatiza mto, wenye nafasi zilizotegwa vikapu. Waswahili wa Pwani wana uzio wao wa baharini, na wana mgono na dema, kwa hiyo wazo lenyewe si geni kwetu. Lakini kek haikuwa mtego tu. Ilikuwa na mwenyewe, ilikuwa na mahali pake pasipohamishwa ovyo, ilijengwa kwa kazi ya watu wengi na kugawanywa kwa kanuni zilizojulikana. Mto ulipofurika kwelikweli maji yalipita juu ya fito, na samaki nao wakapita. Udhaifu huo wa fito ndio uliokuwa rehema ya ningu.

Nyuzi za viwandani hazina udhaifu huo. Nyavu za makila, zile zinazomnasa samaki kwa mashavu, ziliingizwa katika Ghuba ya Winam mwaka 1905. Ndiyo, mwaka ule ule ambao mayai ya trauti yalitiwa katika Gura. Sijui kama kuna mwaka mwingine uliobeba mambo mawili yanayopingana namna hiyo: samaki mmoja anapandikizwa na kulindwa, wenzake wanaletewa wavu usiochoka. Nyavu hizo zilipotandazwa midomoni mwa mito wakati wa chwiri, ningu walinaswa wakiwa njiani kwenda kutaga, kabla hawajaacha mbegu. Kufikia miaka ya 1950 na 1960 wataalamu walikuwa wamekwisha kupiga mbiu. P. J. P. Whitehead alichapisha taarifa kuhusu uvuvi wa mito ya Nyanza mwaka 1959. Mwaka 1965 D. A. Cadwalladr aliandika makala juu ya kudhoofika kwa uvuvi wa ningu, na ndani ya makala hiyo hiyo akaeleza jinsi njia za asili za kuvua katika Mto Nzoia zilivyokuwa zikichakaa pamoja naye.

Mwanaisimu anaposoma kichwa cha makala kama hiyo husimama. Samaki anapopungua, mtego wake hauna kazi. Mtego usipokuwa na kazi, hakuna anayeusuka. Usiposukwa, majina ya sehemu zake, ya fito zake, ya fundo lake, ya mtu anayeulinda usiku, yote hayana mahali pa kutamkwa. Watu wengi hudhani lugha hufa siku mzungumzaji wa mwisho anapozikwa. La. Hufa vipande vipande, kwanza katika vyombo. Nenda Mfangano au Rusinga uwaulize wazee wachache waliosalia na Kisuba, lugha ya Kibantu ambayo wenyewe wengi wamekwisha kuiacha na kushika Kijaluo. Utaona kwamba maneno ya salamu bado yapo, ilhali maneno ya kazi ndiyo yaliyotangulia kwenda.

Halafu kuna mambo yaliyofuata, na haya nitayapitia kwa haraka kwani yamekwisha kuandikwa sana. Mbuta aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, ingawa Michael Graham, aliyelichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, alikuwa ameonya juu ya hatari ya kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine. Aina nyingi za fulu zilitoweka. Gugumaji likaja. Kuja wenyewe uliwekewa bwawa la umeme kwenye Maporomoko ya Gogo mwishoni mwa miaka ya 1950, ili kuihudumia migodi ya Macalder. Leo wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Migori wanatumia zebaki kuikusanya dhahabu yao, na mvua haiulizi zebaki imeachwa wapi. Sondu nao tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 umekuwa ukipitisha sehemu ya maji yake katika handaki la mtambo wa megawati 60. Sisemi tuishi gizani. Nasema tu kwamba kila mmoja wa miradi hiyo ulipopangwa, kulikuwa na abiria mmoja wa mto ambaye hakuitwa mkutanoni.

Turudi kwa trauti, maana ana fundisho ambalo wale waliomleta hawakutuachia. Kule kwao Scotland, sheria inakataza kumvua trauti wa kahawia kuanzia tarehe 7 Oktoba hadi tarehe 14 Machi. Kwa nini? Kwa sababu majani yanapopukutika, trauti hupanda vijito, jike akafukua changarawe kwa mkia na kutaga. Ndiyo maana mzee wa kifungu chetu alikuwa akivua asubuhi yake ya mwisho. Hakuwa amechoka wala hakuwa mgonjwa. Mto ulikuwa unafungwa ili samaki azae. Katika darasa langu hakuna aliyelitambua hilo, na sikuwalaumu, kwani huwezi kulitambua ukiwa umesoma "vuli". Kinachomfungia trauti mlango wa mto nyakati za baridi ndicho kinachomfungulia ningu nyavu nyakati za chwiri. Yule hupumzishwa anapopanda; huyu huvuliwa hasa kwa kuwa anapanda.

Je, Kenya haina majira ya kufunga uvuvi? Tunayo. Omena hupumzishwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, na wavuvi wa Sori, Karungu, Mbita na Sindo wanalijua jambo hilo, wengine kwa moyo mkunjufu na wengine kwa kununa. Aidha, Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya mwaka 2016 inazipa serikali zana za kutosha. Kadhalika kando ya ziwa kuna vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo wenyeji huviita kwa herufi zake tatu, BMU. Tatizo ni kwamba kikundi huwa na ufuo wake. Mto hauna ufuo. Katikati ya ufuo wa mwisho na daraja la kwanza, ningu yuko katika nchi isiyo na chifu.

Nitende haki pia. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ina kituo huko Sang'oro, karibu na Sondu, ambacho kimekuwa kikijishughulisha na uzalishaji wa ningu na fwani. Hiyo ni kazi ya kusifiwa. Ila kifaranga wa kidimbwi akishatiwa mtoni anahitaji kilekile alichokihitaji mama yake: mdomo wa mto usiozibwa kwa nyavu, na nyasi za kufurikiwa. Katika Nyatike nyasi hizo sasa zinagombewa, kwani kingo zinajengwa kuzuia mafuriko na mashamba ya mpunga ya Lower Kuja yanahitaji ardhi iliyotulia. Nimekula mpunga huo na ni mtamu. Swali langu ni kama wahandisi wanaochora mifereji wamewahi kuonyeshwa mahali ningu anapotaga, na kama walipouliza walipata mtu wa kuwaonyesha.

Kuna pingamizi moja ambalo sitaki kulikwepa. Sheria za trauti zilikuwa sheria za kibaguzi. Zilimfanya mwenyeji awe mwizi katika mto wa baba yake, na mgeni mwenye ufito na kofia awe bwana wa maji. Mtu akiniambia kwamba kulilia ulinzi wa ningu ni kumrejesha askari yule yule amfukuze mama anayetafuta kitoweo cha jioni, namwelewa. Mama huyo si adui wa ningu. Karai lake na la kwangu la utotoni havikuwahi kuumaliza mto. Kinachomaliza ni wavu unaokatiza mdomo wa mto kutoka ukingo hadi ukingo katika wiki zile chache za kupanda, na mara nyingi mwenye wavu huo hakai hata karibu na mto. Kufunga midomo ya Kuja, ya Sondu na ya mito ya Awach kwa nyavu za namna hiyo kwa kipindi cha chwiri pekee, huku tukiacha ndoana, kikapu na karai, si ukoloni. Ni kuirudisha kanuni ya kek kwa karatasi ya kaunti. Mabunge ya Migori na Homa Bay yanaweza kulizungumza jambo hili pamoja, kwani samaki hajui mpaka wa Rongo wala wa Ndhiwa.

Na kwa wale wanaopenda ufito na kofia, mlango haujafungwa. Fwani ni samaki wa mkondo, mwenye nguvu, na ndugu zake wa jenasi ile ile katika mito ya Afrika Kusini, kama Mto Vaal, leo huvuliwa kwa ndoana ya manyoya na kurudishwa majini wakiwa hai. Huko nako watu walikuwa wamezoea kumheshimu trauti peke yake, wakamdharau samaki wao wa rangi ya dhahabu, mpaka baadhi yao walipogeuza macho. Sioni kwa nini kijana wa Migori asijifunze kufunga manyoya ya kanga kwenye ndoana na kumwongoza mgeni kwenye maporomoko ya mto wake. Ila lazima kwanza ajue fwani anakula nini, mwezi gani, chini ya jiwe lipi. Elimu hiyo haimo katika jarida la Kiingereza.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu, hasa wa Kiswahili, maana sisi tuna deni la pekee. Ng'ambo ya mpaka, Kiswahili cha Mara na Mwanza kimekwisha kujifungulia ziwa. Huko utasikia sangara, sato, furu, gogogo, domodomo, kuyu, na ningu akiitwa ningu, bila mtu yeyote kuomba radhi kwamba maneno hayo yametoka kwa wenyeji wa kandokando. Kiswahili chetu cha darasani nchini Kenya kimebaki Pwani. Mtoto wa Kendu Bay anaandika insha juu ya uvuvi na kuijaza changu, tafi na nguru, samaki ambao hajawaona, kwa sababu ndio walio katika kitabu. Mbuta na omena wameingia katika Kiswahili chetu kupitia sokoni na hotelini, si kupitia shuleni. Na mbuta, ambaye majirani wa Uganda humwita mputa, yaelekea alikuja na jina lake ndani ya ndoo. Samaki mgeni amekuja na jina, likapokewa. Mwenyeji amelala na lake mlangoni.

Mtaala wa sasa unaruhusu lugha za wenyeji katika madarasa ya chini na unasisitiza mtoto ajifunze kutokana na mazingira yake. Basi mazingira ya shule iliyo kando ya Kuja ni Kuja. Likizo ya Aprili huangukia katikati ya chwiri. Mwalimu anaweza kuwatuma watoto kwa nyanya na babu zao na daftari moja tu, waulize: samaki gani walikuwa wakipanda mto huu, waliitwaje wakiwa wadogo na wakiwa wakubwa, walivuliwa kwa nini, nani aliruhusiwa na nani alikatazwa, walikaushwa vipi, na mara ya mwisho waliwaona lini. Asiwaulize kwa Kiingereza. Majibu yaandikwe kama yalivyotamkwa, Kijaluo, Kisuba, Kikuria au Kigusii, kisha darasa litafute Kiswahili chake. Mahali ambapo Kiswahili hakina neno, neno la mto liingie kama lilivyo. Mwalimu wa biolojia atapata data zake humo, na mwalimu wa jiografia naye hatakosa.

Najua shule zina mitihani, na ningu hajawahi kutoka katika mtihani. Nimewahi kukaa katika meza ambapo maswali hutungwa, na naweza kusema bila kuvunja siri ya mtu kwamba hakuna aliyemkataa. Hakuna aliyemtaja.

Kijana wa Nyatike alirudi baada ya likizo ndefu na zoezi lake lililosahihishwa, ingawa sikuwa nimemwagiza. Nzi amekuwa ndoana ya manyoya. Trauti amebaki trauti. Pale nilipokuwa nimelipigia mstari neno "vuli" ameandika "majira ya majani kupukutika, mto ukikaribia kufungwa", jambo ambalo halimo katika Kiingereza cha mwandishi, na ambalo kwa kanuni za tafsiri ningepaswa kulikata. Pembeni, kwa penseli, ameongeza orodha ya majina ya samaki kumi na mmoja aliyopewa na nyanya yake. Mawili kati ya hayo mimi mwenyewe, mtoto wa Kuja, sikuwahi kuyasikia. Nimemwomba anipeleke kwa nyanya huyo mvua zikianza, kabla barabara ya Nyatike haijaharibika.